Ng'ombe Wenye Kengele

Vinyonyaukungu vilisimama kwa safu ndefu kwenye mpaka wa zamani kati ya watu wa milimani na watu wa bondeni, vikikamua maji kutoka hewani na kuyamwaga mabwawani. Mgeni angedhani ni mradi wa kilimo. La hasha! Katika Jimbo la Suguta mitambo hiyo ilikuwa mali ya Idara ya Usalama, na askari wake walibeba spana badala ya bunduki. Tangu maji hayo yaoteshe majani ya kutosha pande zote mbili, hakuna mtu aliyeuawa kwa ajili ya malisho. Mhandisi Cheposait, aliyeibuni mitambo hiyo, alijivuna waziwazi, na nani angemlaumu?

Asubuhi hiyo alikuwa akimtembeza Mheshimiwa Lokapel, mjumbe wa Baraza la Kanda, katika chumba cha ulinzi. Baraza lilitaka kujua kama majimbo jirani nayo yaanze na maji, au yaendelee kununua silaha. Ghafla Mwangalizi, akili mnemba iliyolinda mpaka kwa ndegelinzi, ndege zisizo na rubani zilizobaki tangu miaka ya vita, akapaza sauti.

"Uvamizi. Vijana wa milimani wanavuka mpaka na kundi la ng'ombe. Ndegelinzi ziko tayari kushambulia. Naomba idhini."

"Toa idhini, Mhandisi!" Lokapel alisema. "Unangoja watu wafe?"

Cheposait aliweka kidole kwenye kitufe, akasita. Kosa moja tu lingewasha vita upya. "Mwangalizi, nipe sauti za huko."

Chumba kikajaa kengele za ng'ombe, zikilia bila woga wowote.

"Mheshimiwa, wezi huziba kengele kwa majani," alisema. "Siku walipochukua ng'ombe wetu na kumuua baba, hatukusikia hata moja." Akavuta kipaza sauti cha ndegelinzi, akauliza kwa lugha ya milimani, "Nyie vijana, mnakwenda wapi?"

"Tunapeleka mahari bondeni, mama!" sauti ikajibu. "Karibu na wewe! Ila hiyo midege yako iondoke, inatisha ndama."

Lokapel alicheka mpaka akashika meza. Cheposait alicheka naye, kisha akalia. Mwangalizi alikuwa amefunzwa kwa kumbukumbu za miaka ya vita tu. Alizijua njia zote ambazo kwazo watu wa mpakani waliuana, na angewaua vijana wale bila shaka hata kidogo. Aliyemfunza ni Cheposait mwenyewe.

Kwenye skrini ya Mwangalizi palikuwa na swali: tukio ni uvamizi, wizi au kisasi? Akafuta majibu yote matatu, akaandika "harusi".

"Neno jipya," alisema Mwangalizi. "Harusi ni tishio la kiwango gani?"

"Sifuri," alijibu Cheposait, akijifuta machozi.

"Na mwambie azoee," Lokapel akadakia, akichukua kofia yake kwenda kulishauri Baraza majimbo yaanze na maji. "Zitakuwa nyingi."