Kisanduku Kilichomwanika Mama Nafisa

Sikilizeni, watu wa Kitale na Bungoma, maana jambo hili lingeweza kumpata yeyote kati yetu.

Yakub na mdogo wake Hawo walikuwa na ofisi karibu na msikiti mjini Kitale, wakitengeneza programu za kompyuta. Asubuhi moja walikuwa wakinywa chai na kucheka. Programu ya zahanati moja ya Bungoma ilikuwa tayari: mgonjwa aandike namba yake ya simu kwenye kisanduku, aone siku ya kuchukua dawa. Mama yao, Nafisa, aliyeuza vitenge sokoni Bungoma, alitibiwa huko, na ugonjwa wake haukujulikana nje ya nyumba.

Hawo akaipitia kazi ya kaka yake. Kicheko kikamkauka.

"Yakub, chochote mtu anaandika, wewe unakibandika ndani ya amri inayoenda kwa hifadhidata, pale majina yote yanakaa. Akiandika amri yake badala ya namba, si itamtii? Amri tuandike sisi. Namba ipite kando, ibaki namba tu."

"Ati nini? Si inafanya kazi? Bungoma nani anajua hizo vitu, bana!"

Dharau hiyo, jamani! Programu ikaanza kutumika hivyo hivyo, na wiki haikuisha, mjuaji mmoja akaandika amri yake mle kisandukuni, na hifadhidata ikamwaga majina ya wagonjwa wote na dawa zao. Kufika adhuhuri yalikuwa yakizunguka kwenye simu sokoni, la Nafisa likiwemo.

Makokha, mwenye zahanati, akapiga simu. "Tuseme tu mtandao ulisumbua."

"Sisemi," Hawo akajibu. "Programu nimeizima. Wagonjwa wataambiwa ukweli, na nitawaambia mimi."

Wakakimbilia Bungoma, wakidhani mama yao amejifungia ndani. Wakamkuta sokoni, amesimama mbele ya vitenge vyake.

"Mnanong'ona nini?" alikuwa akiuliza. "Ni mimi, Nafisa. Nameza dawa kila siku na niko hai. Mwenye kutaka kitenge aje. Asiyetaka, apishe njia!"

Jelimo, muuza nyanya, akaacha meza yake akaja kusimama kando yake. "Hata mimi jina langu liko," akasema.

Yakub akaanza kulia.

"Utalia baadaye," mama yake akamwambia. "Nenda na mdogo wako, muiandike upya programu hiyo."

FUNZO

Ewe unayetunza siri za watu kwa kompyuta, ukionywa, sikia. Usimwachie mpita njia akuandikie amri. Nasi wengine tusijitoe lawamani: aibu haikuwa ya Nafisa hata kidogo. Ilikuwa ya Yakub, na yetu tuliosoma yale majina kisha tukampa jirani simu naye asome.