Mvua Ikinyesha, Nitaleta Mbuzi

Siku Kalunde alipofunga kibanda chake cha kushona nguo pale Kitengela na kurudi kwao Masii, vumbi lilikuwa limefunika hata kufuli la mlango. Ilikuwa Desemba 2005. Mvua ya Novemba haikuwa imenyesha, na kwa Kalunde jambo hilo lilimaliza maneno yote.

Alikutana na Tajeu, mfugaji wa Kimaasai, mwaka uliotangulia, siku ya soko la mifugo Kajiado, mbuzi wa Tajeu alipotafuna pindo la gauni lake la kitenge cha rangi ya machungwa.

"Wewe! Mbuzi wako hana adabu?"

"Ako na macho, madam. Anajua nguo nzuri."

Tangu hapo Tajeu alikuja kibandani kila wiki. Julai 2005, kabla ya kuhamisha mifugo hadi upande wa Oltepesi kutafuta malisho, alimwahidi: "Mvua ikinyesha, mrembo wangu, nitaleta mbuzi wa ntheo." Hao ni mbuzi watatu ambao Wakamba wakishawapokea, binti yao amekuwa mke wa mtu.

Kisha kimya. Kule malishoni hakukuwa na netiwaki. Novemba ikaisha mbingu ikiwa nyeupe, na Kalunde akaamua: haikunyesha, basi haji.

Wiki moja baada ya kufika Masii, simu yake ililia. Alikuwa Yurub, jirani yake wa duka la vitambaa kule Kitengela.

"Kalunde, mtu wako yuko hapa! Mbuzi wake wanakula vitambaa vyangu!"

Tajeu akachukua simu. "Mpenzi, mbona umeenda bila kungoja?"

"Ulisema mvua ikinyesha."

"Ndiyo. Nilisema isiponyesha sitakuja?"

"Usinichezee, Tajeu. Mtoto akiambiwa akiosha vyombo ataenda kucheza, anajua asipoosha haendi."

Tajeu alicheka kidogo. "Hapo umenishinda. Lakini mara ngapi nimekwambia ukiniita nitakuja? Leo hukuniita, na nimekuja."

Kalunde alibana simu sikioni. Mbuzi alisikika akilia.

"Na ng'ombe?"

"Waliisha, wote kumi na mmoja. Mbuzi hula hata vijiti vikavu, ndiyo wakapona." Akaendelea: "Nilitaja mvua kwa sababu ikinyesha nilikuwa na uhakika. Kuhusu ukame, sikujua niseme nini."

Kalunde alifuta macho kwa ncha ya leso. "Walete basi. Na uwatoe dukani kwa Yurub kwanza."

Mbuzi watatu, wamekonda, sasa wako zizini kwa babake Kalunde. Harusi ni Aprili, inyeshe isinyeshe.