Kikohozi Kwenye Filamu Mpya

Haya yalimkuta rafiki yangu, nami sitii chumvi. Tunamwita Mtafsiri, kwa kuwa kazi yake ni kuzitia filamu za kigeni sauti ya Kiswahili. Filamu mpya humpandisha wazimu. Lazima aitoe kabla ya wenzake.

Asubuhi moja akaipata ile aliyoisubiri mwaka mzima. Kama kawaida yake, akafunga kwa ufunguo chumba cha mama yake mgonjwa, kikohozi kisije kuingia kwenye maikrofoni. Hata kuchungulia hakuchungulia.

Katikati ya kurekodi akasikia mlango ule ukigongwa: ngo, ngo, ngo.

“Vumilia, mama, bado kidogo,” akasema, akarudi kwa majambazi wake wa filamuni.

Alipofungua adhuhuri, mama alikuwa wa baridi.

“Amefariki tangu alfajiri,” daktari alisema. “Hukumjulia hali?”

Kesho yake baada ya maziko, akaisikiliza rekodi, maana watu walikuwa wakiidai filamu. Ngo, ngo, ngo imo. Kila tukio likipita, inasogea karibu zaidi. Mwishoni, majambazi wote wameshakufa, mtu anakohoa mara moja, taratibu, mdomo umeigusa maikrofoni.