Mkanda Kwenye Usukani

"Gari halina kosa, mama. Kosa ni la dereva."

"Mama ni wa watoto wangu. Mimi ni Inspekta, na hii ni mara ya nne unaniambia hayo."

Meneja wa duka la magari alifunga mdomo kwa shida. Nyuma yao mfagiaji wa barabara aliyegongwa alikuwa amelazwa chini ya turubai, ufagio wake vipande viwili. Jua la asubuhi liliwapiga usoni. Juu ya barabara, bango la duka lilimwonyesha baba mmoja aliyefumba macho nyuma ya usukani: LALA, GARI LITAKUFIKISHA.

Inspekta alilisoma mara mbili.

Dereva, mwalimu mstaafu, alikaa kwenye gari la polisi na pingu mikononi. "Waliniambia linajiendesha, linaona kuliko mimi," alirudia. "Nilikuwa nasoma gazeti, mwanangu. Gazeti."

Inspekta aliinama ndani ya gari lililogonga. Usukani ulijaa vumbi, isipokuwa ukanda mmoja safi, upana wa vidole viwili. Kitu kilifungwa hapo, na kilifunguliwa leo leo.

"Meneja, ulifika saa ngapi?"

"Mapema. Gari likigonga hututumia taarifa."

"Kabla ya polisi?"

"Kidogo tu."

"Uligusa nini?"

"Sikugusa kitu."

"Vizuri. Sajini, lirudishe gari hili nyuma mita mia, kisha liache lije lenyewe. Meneja atasimama pale aliposimama marehemu."

Sajini alimtazama mkubwa wake usoni, akaona hakuna mzaha, akaufuata mlango wa gari.

"Si umesema halina kosa? Kasimame basi."

Meneja hakusogea. Mkono wake ulizama kwenye mfuko wa koti, ule ulioning'inia kama una jiwe.

"Toa mkono. Pamoja na hicho ulichokishika."

Ulikuwa mkanda wa ngozi, mzito, umeshonewa vyuma ndani.

"Gari hili ni la kumsaidia dereva tu," alisema meneja. "Linataka mkono kwenye usukani. Likiukosa, linapiga kelele mpaka linasimama. Wateja wakaanza kuyarudisha magari. Wakauliza, 'Mlisema linajiendesha, mbona linatusumbua?' Ndipo tukashona mikanda. Likisikia uzito, linadhani kuna mkono."

"Na jua likiwa mbele?"

"Halioni vizuri."

"Mlijua lini?"

"Kabla ya bango."

"Mkalidanganya gari, mkamdanganya mnunuzi, ili mauzo yasishuke. Huyu aliye chini ya turubai hakununua kitu kwenu."

Inspekta alikwenda kwenye gari la polisi, akamfungua mwalimu pingu. "La gazeti utalijibu, mzee wangu, sikufichi. Ila hutajibu peke yako."

"Sajini, achana na hilo gari. Nenda kafunge duka. Funguo zote ziletwe kituoni."

Pingu zilikuwa bado na joto la mikono ya mzee Inspekta alipozikaza kwenye mikono ya meneja.