Fundi na Mama Wagombea Kosa

Wananchi, tulieni! Tume Kuu ya Uchunguzi imeketi. Mwenyekiti ni fundi magari mashuhuri. Mjumbe ni mkewe. Wajumbe wengine hawapo, kwa sababu benchi la gereji linabeba watu wawili tu.

Kesi yenyewe haikuwa mchezo. Mtoto wao wa pili, ambaye gereji nzima humwita Bolti, alikuwa amewaambia, "Mnaniita binti. Mimi najijua ni mvulana. Naumia." Kisha akajifungia chumbani. Chakula kilirudi jikoni kama kilivyokwenda.

Fundi alilichukulia jambo hili kama injini iliyogoma. Lazima kuna aliyekosea.

"Ni mimi," alisema. "Nilimpa spana angali mdogo. Akaniiga."

"Wewe? Ni mimi!" mama akadakia. "Nilimdekeza. Hakubanduka mgongoni kwangu."

"Mke wangu, usininyang'anye kosa langu!"

"Lako? Nani alimbeba?"

Fundi akalifunga sanduku la vifaa kwa kufuli. "Basi. Kesho anahamia kwa shangazi yake, mbali na spana. Yatapita."

Jirani yao, mshauri wa zahanati, alikuwa amekuja kuchukua gari lake. "Jamani, mnagombea nini?" Wakamweleza.

"Hiyo inaitwa dhiki ya kijinsia," alisema. "Mwili aliozaliwa nao mtu hauendani na anavyojijua, naye anaumia. Wataalamu wengine walidhani mtoto huiga wanaomzunguka. Wengine wakasema ni kushikamana mno na mzazi. Ushahidi wa yote mawili ni hafifu. Mpaka leo hakuna sababu moja iliyothibitishwa."

"Lakini spana, jirani!"

"Binti yako mkubwa alichezea nini?"

Fundi akakuna kichwa. "Spana hizo hizo."

"Naye yukoje?"

"Jana kanikalisha saa nzima nimchagulie gauni la harusi!"

Mama akaangua kicheko.

"Umeona? Chanzo hatukijui," mshauri akasema. "Kinachozidisha maumivu tunakijua: kuchekwa, kukaripiwa, kufukuzwa nyumbani. Msikilizeni. Akitaka, aje tuzungumze, bila kulazimishwa."

Fundi aliinuka kwa kasi hata benchi likampindua mkewe. Akakimbilia mlango wa chumba. "Bolti! Huendi kwa shangazi! Nisamehe. Niambie, nikuiteje?"

Ndani ikatoka sauti ndogo: "Bolti inatosha, baba. Ila usiniite binti."

"Haya, mwanangu!"

Mlango ukafunguka.

Wiki chache baadaye, Bolti alirudi kutoka kuzungumza na mshauri. Maswali yalikuwa bado mengi, lakini alikula sahani mbili, akajilaza chini ya gari bovu, akaanza kupiga mluzi. Fundi akasimama kuusikiliza. Macho yakamjaa machozi.

Historia iandike kwamba Mwenyekiti hakulia. Ulikuwa moshi wa gari.

Gari gani, unauliza, na hilo bovu haliwaki? Haya, nimenaswa. Alilia kama mtoto, tena kwa furaha, na mama akalia kumshinda.