Alama ya Kutoa

Jua lilikuwa la utosi, na foleni ya ofisi ya forodha ilikuwa imemwagika mpaka barabarani. Madereva wa malori wamefungua vifungo vya mashati, mawakala wanajipepea kwa mafaili, na katikati yao amesimama binti mmoja ndani ya koti zito lililofungwa mpaka kidevuni, na kofia ya sufu kichwani.

"Dada, unaumwa homa?" sauti ikauliza nyuma yake.

Akageuka na jibu kali mdomoni. Lakini aliyeuliza naye alikuwa na koti kama lake, glavu zinaning'inia mfukoni, jasho linamchuruzika shingoni.

"Naona tumeambukizana," binti akasema.

Wakacheka mpaka watu wa mbele wakageuka. Wote wawili walikuwa wametoka mbio kwenye baridi ya kazini. Binti alisimamia ufungashaji katika kampuni ya dada yake, iliyomenya na kugandisha kamba wa baharini, ikawapakia kwenye maboksi na kuwasafirisha ng'ambo. Kijana alikuwa fundi wa makontena ya baridi pale bandarini. Wafanyakazi wenzake walimwita Kipupwe. Kabla foleni haijasogea, naye alishampachika binti jina: Koti.

Mapenzi yao yalikua kwenye simu. Kazi haikuwapa nafasi nyingine.

"Koti wangu, umekula?"

"Nimekula baridi. Wewe je?"

"Mimi nakula picha yako tangu asubuhi, na bado sijashiba."

"Muongo mkubwa. Nitakupima joto nione kama hujachanganyikiwa."

Kwa dada mtu, hata hivyo, binti alimficha. Dada ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Mwanamke wa kitenge kilichopigwa pasi na maneno machache, aliyeijenga kampuni ile kwa mikono iliyochubuliwa na maganda ya kamba. Alimpenda mdogo wake kwa ukali, na mdogo wake alimpenda kwa woga. Ilichukua muda mrefu mpaka binti akathubutu kusema, "Dada, kuna mtu nataka umwone."

"Ni nani?"

"Fundi."

Dada akasema, "Mlete tule naye mchana. Fundi naye ni mtu."

Siku hiyo ya chakula meli ilikuwa inamalizia kupakia. Kontena la mwisho mikononi mwa Kipupwe lilikuwa la dada mwenyewe, limejaa kamba mpaka mlangoni. Simu ikaita.

"Uko wapi, Kipupwe?"

"Uwanjani. Nawawekea kontena lenu baridi."

"Dada ameshakaa hapa mgahawani, anaangalia saa. Nimevaa lile gauni la kijani lenye mgongo wazi, na likijikunja kabla hujaliona, shauri yako."

"Nipe dakika mbili nihakikishe..."

"Utahakikisha kesho! Njoo, la sivyo naolewa na mhudumu wa hapa. Ana macho mazuri."

Kijana akacheka, simu ameibana begani, kidole kinabonyeza. Kamba waliogandishwa husafiri kwenye nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Kwenye kioo cha mtambo, baridi hiyo na joto la sebuleni hutofautishwa na kistari kimoja kifupi mbele ya namba: alama ya kutoa. Hakukiweka. Siku zote alikuwa na desturi ya kurudi kuangalia mara ya pili. Siku ile alirudi kwenye gauni la kijani.

Chakula kilikwenda vizuri kupita matumaini. Dada alicheka, akaomba maji mara mbili kwa ajili ya kucheka, na wakati wa kuagana akasema, "Shemeji, nyumbani ni kwako sasa. Usisubiri kuitwa."

Meli ikaondoka. Baharini, mabaharia walipopita kukagua, waliona mtambo unafikia namba uliyoagizwa, wakaendelea na safari. Kontena lilitii. Lilipofunguliwa ng'ambo, wapakuzi walirudi nyuma wakiziba pua. Mteja alituma picha, na baada ya picha akatuma ujumbe kwamba hatanunua tena.

Kikao kilifanyika ofisini kwa dada. Meneja wa uwanja wa makontena alikuwepo, wafungashaji wawili walisimama mlangoni, na binti alikuwa nyuma ya kiti cha dada yake.

"Ulikuwa unafanya nini mpaka macho yakapotea?" dada aliuliza.

"Nilikosea, mama."

"Mtu mwenye akili zake hakosei hivi hivi. Ulikuwa umelewa? Ulikuwa na nani?"

Kipupwe akainua macho. Yalipita juu ya bega la dada, yakatua kwa mpenzi wake, yakasubiri. Binti akaangalia sakafu.

"Nilikuwa peke yangu," akasema fundi.

"Na mimi nikakuita shemeji! Mzembe mkubwa. Mama yako alikulea au alikuokota?"

Watu wa mlangoni walisikia. Meneja alimfukuza kazi palepale, na kabla mwezi haujaisha dada alifunga nusu ya ukumbi wa kumenyea, wanawake wakarudi nyumbani na aproni zao.

Jioni ile binti alipiga simu akilia. "Nisamehe, mpenzi. Nitamwambia, acha apoe kwanza."

"Sawa."

"Umekasirika?"

"Nimechoka, Koti. Lala."

Dada hakupoa, au binti hakutaka kuona kwamba amepoa. Simu zikawa fupi. Binti alidhani ni uchungu wa kazi, akahangaika kwa marafiki mpaka akampatia nafasi kwenye uwanja mwingine.

"Sikukuomba kazi," Kipupwe akajibu.

"Basi unataka nini? Nifanye nini?"

"Kama hujui, nikikuambia itanisaidia nini?"

Baada ya hapo hakupokea tena.

Siku moja mfungashaji wa zamani alikuja nyumbani kuuliza kama kuna kibarua. Dada alimsindikiza akiwa hana cha kumpa, akarudi jikoni akilaani. "Yule mzembe amewapokonya watoto wa watu tonge mdomoni. Mungu amlipe."

Binti aliweka kisu chini. "Dada, alikuwa anaongea na mimi."

"Nani?"

"Siku ile. Alitaka kuhakikisha, mimi nikamkatisha. Nilimwambia aje."

Dada akamgeukia. "Nilimtukania mama yake," akasema polepole. "Na wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu." Akachukua mtandio, akatoka.

Kesho yake binti alimkuta Kipupwe kwenye kibanda cha kutengenezea friji, amepiga goti mbele ya friji bovu, mafuta mpaka kwenye viwiko.

"Dada yako alikuja jana," akasema. "Aliniomba radhi mbele ya wateja, kwa sauti, kama alivyonitukana."

"Na mimi nimekuja."

"Nakuona."

"Niliogopa, Kipupwe."

"Hata mimi niliogopa. Kistari nilikisahau mimi, hilo sijakudai. Na ungesema, wangenifukuza vilevile. Ila ningetoka mle ofisini nikiwa na mtu."

"Hunipendi tena?"

Akajifuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Nakupenda. Jana dada yako alipoondoka, kila pikipiki iliyosimama hapo nje niliinuka, nikidhani ni wewe."

"Basi turudiane! Nitakuoa mimi kama wewe huwezi." Alijaribu kucheka.

Hakucheka naye. "Maisha ni marefu, Koti. Kuna siku nitakosea tena, kuna siku tutakuwa na mtoto na mambo yataharibika. Siku hiyo nitakutazama wewe kwanza, nione kama umeinamisha kichwa. Sitaki kuishi nikikutazama hivyo."

Mama mmoja aliingia akilalamika kwamba friji lake linanguruma tu, baridi hakuna. "Karibu, mama," Kipupwe akasema kwa sauti ileile laini ambayo zamani ilimuuliza binti kama amekula. "Lilianza lini?"

Binti alirudi nyumbani kwa miguu. Dada alikuwa kibarazani, hajabadilisha hata nguo za kazi.

"Amesemaje?"

"Amesema ananipenda."

Uso wa dada ukanyanyuka. "Basi?"

"Basi."