Mgeni Hafiki kwa Makokha

Kila asubuhi Everline hufungua hoteli yake ya chakula nyuma ya soko la Malaba. Hupika ugali wa wimbi na samaki. Kuna wakati viti vilikaa vitupu ingawa chakula kilikuwa kitamu, na sababu ilikuwa Callistus.

Callistus alikuwa dalali. Alisimama kwenye foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka, akiwapeleka madereva wageni kwa wenye hoteli waliompa kitu kidogo. Everline alikataa katakata kumpa.

"Mama, bila mimi nani atakujua?" Callistus alimcheka. "Utafunga kabla ya Krismasi."

"Sifungi! Na hupati kitu!"

Lakini ukali haujazi viti. Everline alimweleza jirani yake Amuron, mwalimu wa kompyuta kule Amagoro.

"Tuanzishe tovuti ya mtaa," Amuron alisema. "Mgeni akitafuta kwa simu chakula, mahali pa kulala ama fundi wa tairi, apate watu wetu."

"Ya Kenya nzima?"

"Hapana, Malaba tu. Ukiandika kila mahali utaandika uongo. Andika pale unaweza kufika mwenyewe. Uliza mwenye biashara kama anakubali. Na usisifu mtu kwa sababu amekulipa. Hiyo ni kazi ya Callistus."

Walizunguka mtaani, wakauliza, wakapiga picha. Maelekezo ya hoteli yake Everline aliandika mwenyewe: "Pita kwa Makokha, kata kushoto kwa posho mill."

Tovuti ikafunguliwa. Dereva wa kwanza hakufika. Alipiga simu akifoka.

"Mama, naulizia Makokha, naambiwa alikufa kitambo! Na posho mill iko wapi?"

Everline alishika kichwa. Duka la Makokha lilifungwa alipokufa, na kinu kile cha kusaga unga kilibomolewa zamani! Sisi watu wa Malaba tunaelekezana kwa vitu ambavyo havipo tena, na tunafika. Mgeni je?

"Andika kile mgeni anaona leo," Amuron alimwambia. "Geti la kijani, kanisa, mti. Weka ramani. Halafu turudi kukagua kila mara. Duka likihama, badilisha. Namba isiposhika, toa."

Aibu ilimchoma Everline, lakini hakukata tamaa. Walianza upya, mlango kwa mlango. Callistus aliwapita akicheka.

"Bado mnacheza na simu?"

"Bado," Everline alijibu, bila hata kumtazama.

Krismasi ilipokaribia, dereva kutoka Uganda aliingia hotelini. Nyuma yake alikuja Callistus, mbio mbio.

"Boss, nani amekuleta hapa?"

"Nimejileta," dereva alisema, akionyesha simu yake, kisha akaketi.

Callistus alitazama ndani. Madereva walikuwa wamejaa, wakila, na yeye hakumleta hata mmoja. Everline alivuta kiti cha mwisho kilichobaki.

"Keti ule, Callistus. Lakini hapa utalipa kama mgeni yeyote."